Jinsi ya kuainisha maambukizi ya tegu tumboni hatua kwa hatua, kuanzia sampuli ya choo mpaka namba sahihi ya ICD-10

Ukifungua faili la mgonjwa ukakuta imeandikwa "tegu" basi, hapo bado hujaambiwa kitu. Tegu wanaokaa kwenye utumbo wa binadamu wako aina kadhaa, kila aina ina njia yake ya kuingia na hatari yake, na ina namba yake kwenye ICD-10, yaani toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotolewa na Shirika la Afya Duniani. Tegu wa ng'ombe ni usumbufu, mgonjwa anapewa dawa anapona yanaisha. Tegu wa nguruwe ni habari nyingine kabisa, mayai yake yanaweza kumpa kifafa mwenye mnyoo mwenyewe au mtoto wa nyumba ile ile ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe maishani. Na hawa wawili mayai yao ukiyaweka chini ya hadubini yanafanana kabisa! Ndo maana naomba usome mpaka mwisho kama uko maabara, kama unatibu, kama uko kitengo cha kumbukumbu unaweka namba kwenye mafaili, au kama umeshika majibu yako mkononi unataka kuelewa yanasema nini.

Hatua ya 1: hakikisha ni tegu kweli

Mtu anakuja anasema nimeona kitu cheupe chooni. Usiandike chochote bado. Angalia umbo. Pingili ya tegu ni bapa, nyeupe, ina kingo zinazoonekana, na ikiwa bado hai inajikunja na kujinyoosha. Minyoo uzi wanaowasha sehemu ya haja kubwa usiku ni wa mviringo, wembamba sana, jike ana urefu wa kama sentimita 1 na mkia wake umechongoka, hao namba yao ya ICD-10 ni B80. Yule mnyoo mkubwa wa mviringo wa sentimita 15 mpaka 35 ni Ascaris, B77. Na mara nyingine sio mnyoo kabisa, ni ute au nyuzi za mboga ambazo hazijasagika, kwa hiyo kama kuna kitu mkononi kioshe kwa maji ya chumvi ya maabara ukitazame vizuri kabla hujamtia mtu hofu.

Kwenye ICD-10 minyoo wote wako kati ya B65 na B83, na tegu pamoja na lava wao (mnyoo akiwa bado mchanga) wamepewa B67 mpaka B71. Ukishajiridhisha ni tegu unabaki ndani ya namba hizo tano, huna haja ya kutangatanga.

Hatua ya 2: mnyoo mzima au lava?

Hapa ndo watu wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tegu ana maisha ya sehemu mbili. Kuna mnyoo aliyekomaa, yule mrefu wa pingili pingili, anakaa kwenye utumbo akiwa ameng'ang'ania ukuta kwa kichwa chake. Alafu kuna lava, ambaye kwa kawaida anakaa kwenye nyama ya mnyama akiwa ndani ya kifuko cha maji akisubiri kuliwa. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko hivyo na haijaiva, lava anatoka, anajishika kwenye utumbo, na baada ya miezi 2 mpaka 3 hivi amekuwa mnyoo mzima anayetoa pingili zenye mayai. Huu ndo ugonjwa unaoitwa teniasisi, ni ugonjwa wa utumbo, kundi la B68.

Sasa mtu akimeza mayai ya tegu wa nguruwe, yaani kilichotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo kikapita kwenye mikono, maji au mboga mbichi, hapati mnyoo tumboni. Yai linapasuka, kiinitete kinatoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye misuli, jicho au ubongo na kutengeneza kifuko huko. Huo ni ugonjwa mwingine, sistiserkosisi, kundi la B69. Ubongoni unaleta degedege, maumivu makali ya kichwa na wakati mwingine kujaa maji kichwani, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi karibu asilimia 30 ya kifafa kinatokana na vifuko hivi.

Kwa hiyo ile imani kwamba ukila nyama ya nguruwe mbichi unapata minyoo ya ubongo moja kwa moja ina kosa ndani yake. Nyama inaleta mnyoo wa tumboni, mayai ya mwenye mnyoo ndo yanaleta vifuko. Mtu asiyegusa nguruwe anaweza kupata vifuko ubongoni kwa sababu anayeandaa chakula chake ana mnyoo na hanawi mikono vizuri baada ya choo. Na mwenye mnyoo naye anaweza kujiambukiza mayai yake mwenyewe, ikitokea hivyo ana magonjwa mawili kwa wakati mmoja na anaandikiwa namba mbili.

Swali la kujiuliza basi ni hili: ushahidi umetoka wapi? Umetoka kwenye choo, yaani mayai au pingili, hapo unazungumzia mnyoo wa utumbo. Umetoka kwenye CT skani, MRI, jicho au uvimbe chini ya ngozi, hapo unazungumzia lava. Usichanganye. Na ukikutana na ekinokokosisi, ile ya vifuko vikubwa vya ini na mapafu, ujue kwa binadamu ni lava tu, mnyoo mzima anakaa kwenye utumbo wa mbwa na jamii yake. Kwa hiyo B67 haiwezi kutokana na majibu ya choo cha mtu hata siku moja, ukiiona imewekwa kwa sababu ya kipimo cha choo kuna mtu amekosea.

Hatua ya 3: chukua sampuli kabla ya dawa

Hili nalisisitiza kwa nguvu zote. Prazikwanteli na niklosamidi zinamuua mnyoo na mara nyingi anatoka amemeng'enywa vipande vipande, kichwa hukioni tena, na nafasi yako ya kujua alikuwa nani imepungua sana. Mgonjwa ameshakaa na mnyoo huyu miezi, siku chache za kukusanya sampuli hazimdhuru.

Chukua choo mara tatu siku tofauti maana mayai hayatoki kila siku, hasa ya Taenia, jamii ya tegu wa ng'ombe na wa nguruwe, ambayo mengi yanatoka yakiwa bado ndani ya pingili. Mgonjwa aambiwe akiona kipande chochote akilete kwenye chombo chenye maji ya chumvi, asikitupe. Kama kituo kinaweza kupeleka sampuli kwenye PCR, yaani kipimo cha vinasaba, basi kipande kimoja kihifadhiwe kwenye alkoholi, sio fomalini, kwa sababu fomalini inaharibu vinasaba. Na glavu ni lazima, sio hiari. Mayai ya tegu wa nguruwe yanaambukiza papo hapo yanapotoka, hayahitaji kukaa udongoni kwanza, na mpaka uthibitishe vingine kila pingili ya Taenia ichukulie kama ya nguruwe.

Hatua ya 4: soma pingili

Hii ndo kazi tamu kuliko zote na haihitaji mashine ya gharama. Chukua pingili iliyojaa mayai, ile ya mwisho mwisho ambayo ni ndefu kuliko upana wake. Iweke kati ya slaidi mbili za kioo, bana taratibu mpaka iwe nyembamba ya kupitisha mwanga, funga pembeni. Ukiinua kuelekea kwenye mwanga au ukitumia lenzi ndogo utaona katikati kuna shina moja limenyooka, huo ni mfuko wa uzazi wa mnyoo, na pembeni yake matawi yanatoka kulia na kushoto. Kama hayaonekani vizuri unachoma wino mweusi maalum kwa sindano nyembamba kwenye tundu la pembeni au katikati ya shina, wino unatembea ndani ya matawi na picha inajichora yenyewe.

Sasa hesabu. Hesabu upande mmoja tu, na hesabu pale tawi linapoanzia kwenye shina, sio kule mwisho ambako limeshagawanyika, maana ukihesabu ncha utapata namba kubwa ya uongo. Matawi 7 mpaka 13 ni Taenia solium, tegu wa nguruwe. Matawi 12 mpaka 30 ni Taenia saginata, tegu wa ng'ombe. Umeona hapo kuna mahali zinagongana? Ukipata 12 au 13 usilazimishe jibu, tafuta pingili nyingine uhesabu tena, na kama zote zinaangukia hapo hapo andika Taenia isiyotambulika aina na upeleke PCR kama ipo.

Ukibahatika kupata kichwa mambo yanakuwa rahisi. Wote wawili wana vifyonzi vinne, ila wa nguruwe ana pia duara la ndoano kwenye safu mbili, wa ng'ombe hana ndoano hata moja. Tabia nayo inasaidia kidogo: pingili za tegu wa ng'ombe zina nguvu, zinatoka zenyewe nje ya mwili hata mtu akiwa hajaenda chooni na anazisikia zikitembea, wakati za tegu wa nguruwe zimelegea na mara nyingi zinatoka na choo zikiwa zimeshikana chache chache. Kwa urefu, wa ng'ombe kwa kawaida ni mita 4 mpaka 12 na anaweza kufika 25, wa nguruwe ni mita 2 mpaka 7. Hizo ni dalili za kukuelekeza tu, usiweke namba ya mwisho kwa sababu mgonjwa amesema "inatembea".

Kuna na wa tatu, Taenia asiatica, anapatikana bara la Asia, watu wanampata kwa kula maini ya nguruwe mabichi. Kwa macho anafanana mno na wa ng'ombe ingawa anatoka kwa nguruwe, na kumtenganisha kwa uhakika kunataka vinasaba. ICD-10 haijampa namba yake ndogo, mimi ningemweka B68.9 na kuandika jina lake kwa maneno kwenye faili ili taarifa isipotee.

Hatua ya 5: soma mayai

Yai la Taenia ni la mviringo, maikromita 30 mpaka 43 hivi (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), lina ganda nene la kahawia lenye mistari mistari inayotoka katikati kwenda nje na ndani kuna kiinitete chenye ndoano sita. Ukiliona, jibu lako ni "mayai ya Taenia" na ukomee hapo. Maabara inayoandika "mayai ya T. solium yameonekana" kwa hadubini ya kawaida imesema zaidi ya ilichoona.

Wengine mayai yao yanajitambulisha yenyewe. Tegu mdogo kabisa, Hymenolepis nana, ambaye mwenyewe ana urefu wa milimita 15 mpaka 40 tu, yai lake lina maganda mawili na katikati ya maganda hayo kuna nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye ncha mbili za ganda la ndani. Ndugu yake wa panya, Hymenolepis diminuta, yai ni kubwa karibu mara mbili, maikromita 70 mpaka 85, na halina zile nyuzi. Tegu wa samaki ana yai lenye kifuniko upande mmoja na kinundu kidogo upande wa pili, hapo kuwa makini maana mayai ya minyoo bapa kadhaa ya mapafu na ini nayo yana vifuniko, pima ukubwa: lake ni maikromita 55 mpaka 75 kwa urefu. Pingili zake nazo ni pana kuliko urefu wake na mfuko wa uzazi uko katikati umejikunja kama ua. Tegu wa mbwa na paka, Dipylidium caninum, mayai yanatoka yakiwa yamefungwa kwenye vifurushi, na pingili yake ina matundu mawili ya uzazi, moja kila upande.

Hatua ya 6: historia ya mgonjwa

Muulize amekula nini kibichi au kisichoiva: nyama ya ng'ombe, ya nguruwe, samaki wa maji baridi. Muulize kama kuna mbwa au paka mwenye viroboto na mtoto mdogo anacheza naye, maana Dipylidium anapatikana kwa kumeza kiroboto na wagonjwa wengi ni watoto. Ila historia inaunga mkono tu, haichukui nafasi ya pingili. Mtu anaweza kusahau, na mwingine anaona aibu kusema.

Kwa H. nana swali la chakula halikusaidii sana, yeye ndo tegu pekee anayeweza kumaliza mzunguko wake wote ndani ya binadamu bila mnyama wa kati. Mayai yanatoka kwa mtu yanaingia kwa mtu, tena mengine yanapasukia humo humo tumboni na kuanza upya, ndo maana mtoto mmoja anaweza kuwa na minyoo hawa mamia na wenzake anaoishi nao wakawa nao vile vile.

Hatua ya 7: weka namba

Ukishafika hapa namba inakuja yenyewe.

B68.0 ni mnyoo mzima wa Taenia solium tumboni. B68.1 ni Taenia saginata. B68.9 ni Taenia ambayo aina haijajulikana, na kusema kweli ukiwa na mayai peke yake hii ndo namba yako ya haki, usione aibu kuitumia.

B69 ni vifuko vya lava wa tegu wa nguruwe: B69.0 mfumo wa neva wa kati, B69.1 jicho, B69.8 sehemu nyingine, B69.9 haijasemwa wapi.

B70.0 ni tegu wa samaki aliyekomaa tumboni. Majina ya kisayansi ya huyu yamebadilika, Diphyllobothrium latum siku hizi anaitwa Dibothriocephalus latus, majibu ya maabara yanaweza kuja na jina lolote kati ya hayo na namba inabaki ile ile. B70.1 ni spaganosisi, lava wa tegu mwingine aitwaye Spirometra kwenye tishu, sio ugonjwa wa utumbo.

B71.0 ni Hymenolepis, wa binadamu na wa panya wote humo. B71.1 ni Dipylidium. B71.8 ni tegu wengine waliotajwa jina ambao hawana namba yao. B71.9 ni tegu tu, hajulikani hata jamii.

Tofauti ya B68.9 na B71.9 inawachanganya wengi. Ya kwanza unajua ni jamii ya Taenia ila hujui yupi, ya pili unajua ni tegu basi. Daktari akiandika "tegu" bila kipimo, ni B71.9. Akiandika "minyoo ya tumbo" bila kusema tegu wala nini, hata B71 hujafika, ni B82.0. Kabla ya kuweka hizi za mwisho mwisho piga simu maabara au fungua majibu, mara nyingi jibu kamili lipo ila halikunakiliwa kwenye ukurasa wa mbele.

Mgonjwa mwenye tegu na minyoo mingine pamoja: ukiweza weka kila mmoja na namba yake, taarifa inakuwa nzuri zaidi. B81.4 ya mchanganyiko wa minyoo ya utumbo ipo kwa pale mchanganyiko umeandikwa kama utambuzi mmoja. Na aliye na mnyoo wa nguruwe tumboni na vifuko ubongoni anapata B68.0 na B69.0 zote mbili, moja haifuti nyingine.

Ukiwa unapekua mafaili ya zamani yenye ICD-9, toleo lililotangulia ICD-10, utakuta kundi zima liko 123: 123.0 ni T. solium tumboni, 123.1 sistiserkosisi, 123.2 T. saginata, 123.4 tegu wa samaki, 123.6 Hymenolepis. Humo mnyoo na vifuko viliwekwa chumba kimoja, kwa hiyo anayefanya utafiti akichota "123" yote anachanganya wagonjwa wa tumbo na wa ubongo. ICD-11, toleo linalofuata, nayo imeanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022 na namba zake zina sura tofauti kabisa, usijaribu kuzibahatisha kutoka kwenye hizi za B, tumia jedwali rasmi la kubadilishia.

Hatua ya 8: ainisho linavyobadilisha matibabu na ufuatiliaji

Prazikwanteli dozi moja ya miligramu 5 mpaka 10 kwa kila kilo ya uzito inatosha kwa Taenia na tegu wa samaki, lakini kwa H. nana inahitajika 25 kwa kilo, kwa hiyo aliyeandikwa "tegu" tu anaweza kupewa dozi ndogo na akabaki nao. Dozi hizi ni za kuandikiwa na daktari, tafadhali usijipimie nyumbani.

Kwa tegu wa nguruwe kuna tahadhari kubwa zaidi. Prazikwanteli inafyonzwa kuingia kwenye damu, ikikuta vifuko hai ubongoni inaweza kuviua ghafla, uvimbe ukawaka kuvizunguka na mgonjwa akaanguka degedege. Kwa hiyo kabla ya kutoa dawa uliza wazi: umewahi kupata degedege, kuumwa kichwa kusikoeleweka, macho kubadilika? Akisema ndio, simama, apelekwe kupigwa picha ya ubongo kwanza. Niklosamidi haifyonzwi kwa kiasi cha maana, inabaki utumbo, ndo maana madaktari wengi wanaipendelea mtu akiwa na shaka hiyo. Na B68.9 ishughulikie kwa tahadhari hiyo hiyo mpaka aina ijulikane.

Ikishakuwa B68.0, wote wanaokaa nyumba moja na mgonjwa wapimwe choo na waulizwe kuhusu degedege. Ukianzia upande wa pili, umepata mgonjwa wa B69.0, tafuta mwenye mnyoo kwenye watu wanaomzunguka, akiwemo yeye mwenyewe. Kwa tegu wa samaki pima damu na vitamini B12, mnyoo huyu anaila na wachache wanaishia kupungukiwa damu.

Baada ya dawa choo kipimwe tena mwezi 1 na mwezi wa 3 kwa Taenia. Kichwa na shingo vikibaki mnyoo anaota upya na pingili zinarudi ndani ya miezi hiyo, kwa hiyo choo safi cha wiki ya kwanza hakijathibitisha kitu. Na kama katikati ya safari hiyo PCR imerudi au pingili mpya imehesabika vizuri, rudi kwenye faili ubadilishe B68.9 iwe B68.0 au B68.1, weka tarehe ya mabadiliko na kipimo kilichokufanya ubadilishe, alafu mjulishe daktari siku hiyo hiyo hasa ikiwa imegeuka kuwa ya nguruwe.